Bomba Lisilozinduliwa

Katika nchi moja, ambayo jina lake kisheria hutajwa mtu akiwa amesimama (na kwa kuwa msomaji huenda amekaa, hatutalitaja), palikuwa na kanuni nzuri iliyorahisisha mambo mengi. Kanuni ilisema hivi: kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo.

Ilitungwa kwa nia njema. Zamani wageni walikuwa wakiuliza kwa nini zahanati ile haina paa, kwa nini barabara ile imeishia porini, na viongozi wakawa wanapata taabu kuwajibu. Kanuni ilipopita, taabu ikaisha. Daraja la Mkondoni lilipokatika na mzee mmoja akatumbukia mtoni pamoja na baiskeli yake, uchunguzi ulionyesha kwamba utepe wa daraja hilo haukuwahi kukatwa. Kwa hiyo daraja halikuwepo, na mzee akashtakiwa kwa kupita juu ya maji bila kibali. Mzee alishukuru sana, maana angeweza kushtakiwa pia kwa ajili ya baiskeli.

Na kitu kikishazinduliwa, huhesabiwa kuwa kilikuwepo tangu kilipojengwa. Nyongeza hiyo iliwekwa ili sifa za miaka ya nyuma zisipotee.

Mzinduzi hodari kuliko wote alikuwa Waziri wa Elimu na Majibu Sahihi, Mheshimiwa Profesa Lwambano. Mkasi wake wa rangi ya dhahabu ulining'inia kiunoni kama ufunguo wa peponi. Alizindua mashimo ya vyoo, akazindua vyoo vyenyewe, kisha akazindua milango ya vyoo hivyo, kila kimoja kwa siku yake na ng'ombe wake wa kuchinjwa. Inasemekana hata usingizini vidole vyake vilikuwa vikikata. Siku moja, kwenye msiba wa mtu mkubwa, aliona kamba nyekundu imefungwa kwenye nguzo ya hema, akaikata. Hema likawaangukia waombolezaji wote, nao wakampigia makofi wakiwa chini ya turubai.

Jambo la mwisho la kujua juu ya nchi hiyo ni Wimbo wa Mlezi wa Taifa. Ulikuwa na beti nyingi na uliimbwa kwa macho yaliyofumbwa, ili mwananchi asije akaona kitu kingine cha kukipenda wakati akiimba.

*

Shule ya Msingi Kitopeni ilikuwa na madarasa saba, ambayo hayakuwepo. Kwa hiyo watoto wa darasa la saba walifanyia Mtihani Mkuu wa Taifa nje, kwenye jua, wakiegemea kuta za darasa ambalo hawakuruhusiwa kuingia.

Miongoni mwao alikuwamo Semeni, binti wa Bi Mkasi muuza vitumbua. Alikuwa mrefu, miguu kama ya korongo, na alipokuwa akifikiri alikuwa na tabia ya kuuma ncha ya kola ya shati lake mpaka ikawa imechakaa upande mmoja. Semeni alitaka kitu kimoja tu duniani: Sekondari ya Wasichana iliyokuwa ng'ambo ya mto. Aliwahi kupelekwa huko kuuza vitumbua siku ya mahafali, akachungulia dirisha la maabara, akaona chupa za kioo zimepangwa rafuni, nyembamba, nene, nyingine zenye shingo iliyopinda kama bata anayejikuna. Hakujua ni za nini. Tangu siku hiyo alikuwa hawezi kulala vizuri kwa hamu ya kujua.

Mtihani wa hisabati ulikwenda salama mpaka swali la kumi na saba, ambalo lilisema:

*Tangi la Ukombozi lina ujazo wa lita 900. Bomba la juu, lililozinduliwa kwa heshima ya Mlezi wa Taifa, huingiza lita 300 kwa saa. Bomba la chini hutoa lita 400 kwa saa. Tangi likianza likiwa tupu, litajaa baada ya saa ngapi? (A) Saa 3. (B) Saa 2. (C) Saa 1. (D) Limeshajaa.*

Semeni alikokotoa, akauma kola, akakokotoa tena. Kisha akakumbuka maneno ya Mwalimu Mkuu wao, Mwalimu Tungaraza, ambaye alikuwa akiwaambia kila siku: "Jibu lako likikosekana kwenye orodha, usiibe la jirani. Andika lako pembeni, na uandike vizuri, hata wakikukosesha wakukoseshe kwa mwandiko mzuri." Akaandika pembeni: *Halitajaa.*

*

Baada ya mtihani, sheria iliwataka watahiniwa wote waende nyumbani wakiwa wamenyamaza, wasiambiane majibu mpaka Wizara itakapotangaza ni yapi. Lakini Kitopeni kulikuwa na desturi ya zamani kuliko Wizara, nayo iliitwa kusimamia.

Nyuma ya goli la kaskazini palikuwa na mchanga laini. Mtihani ukiisha, watoto walikimbilia pale. Mmoja alitaja namba ya swali, na kila mtu akachora jibu lake mchangani kwa kidole cha mguu na kusimama juu yake. Waliopata jibu moja walijikuta wamekusanyika pamoja, na aliyebaki peke yake alibaki peke yake. Aliruhusiwa kuhama, lakini kwa hoja tu: ilimbidi aseme hesabu yake kwa sauti mbele ya wote. Aliyehama kwa kuona wenzake wengi wako kule aliitwa Bendera mpaka muhula uishe, maana bendera hufuata upepo.

"Kumi na saba!" alipaza sauti Zamoyoni, kijana mfupi mwenye mdomo mrefu.

Vidole vya miguu vikachora. Darasa zima likasimama juu ya *Halitajaa*, wakaanza kupiga vigelegele na kugongana mabega. Kisha kelele zikapungua, maana pembeni, karibu na mlingoti wa goli, alikuwa amesimama mtu mmoja juu ya namba tatu. Alikuwa Hashili, mtoto wa Mwenyekiti wa Kata.

"We Hashili, njoo huku," Zamoyoni akamwita. "Jua kali, utakaukia huko kama dagaa."

"Nimepata tatu."

"Umeipataje?"

"Mia tisa gawanya kwa mia tatu."

"Na bomba la chini je?"

"Baba kasema la chini halihusiki."

"Baba yako naye kafanya mtihani? Aliegemea ukuta gani, mbona sikumwona?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Semeni hakucheka. Alimtazama Hashili, akaona shingo yake imeshikwa na jasho ambalo si la jua.

"Hashili," akamwambia taratibu, "baba yako tumemsikia. Wewe, kwenye karatasi ya kufanyia kazi, ulipata ngapi?"

Hashili akatazama kidole chake cha mguu.

"Nimesimama hapa," akasema.

Kwa desturi ya pale hilo lilitosha. Aliyesimama amesimama, na hakuna aliyemwita Bendera.

*

Majibu yalipofika Wizarani, wasahihishaji walizimia kwa zamu. Nchi nzima ilikuwa imechagua *saa tatu* kwa amani na utulivu, isipokuwa shule moja, ambako watoto wote ila mmoja walikuwa wameandika pembeni neno moja, lile lile. Likapelekwa gari.

Ndani ya gari alikuwamo Mkaguzi Mkuu wa Majibu, Bwana Kazimoto, mtu mwembamba aliyekuwa akitembea na mto wake wa kukalia, kwa kuwa viti vya shule nyingi havikuwa vimezinduliwa na hakutaka kuonekana amekalia kitu kisichokuwepo. Aliuweka mto kwenye kiti cha Mwalimu Tungaraza, akaketi, akaagiza aletwe kinara wa njama. Akaletwa Semeni, maana kila aliyeulizwa nani anajua hesabu alimtaja yeye.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani aliwapa jibu la swali la kumi na saba?"

"Hakuna aliyetupa. Kila mtu alikokotoa lake."

Bwana Kazimoto akatabasamu kwa huruma, kama mganga anayeoneshwa kidonda alichokitarajia. "Mwanangu, mimi nimekagua shule nyingi. Shule ya Mtakuja, jibu la swali la pili lilikuwa kumi na mbili. Watoto wakaandika kumi, wakaandika kumi na tano, wakaandika mia, mmoja akaandika Alhamisi. Nikalia machozi ya furaha. Kila mtoto na lake! Huo ndio uaminifu. Sasa ninyi darasa zima, jibu moja. Watoto wasioibiana hawawezi kukubaliana."

"Lakini mzee, nchi nzima imesema saa tatu. Nao si wamekubaliana?"

"Wale hawakukubaliana," alisema Bwana Kazimoto. "Wale walitii."

Mwalimu Tungaraza, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kukosa kiti, akakohoa. "Bwana Mkaguzi, kwa heshima zote, kama lita mia tatu zinaingia na mia nne zinaweza kutoka..."

"Zinatokea wapi?"

"Kwenye bomba la chini."

"Limezinduliwa lini?"

Mwalimu akajikuna kichwa.

"Unaona," alisema Bwana Kazimoto, naye akaongea kwa upole zaidi. "Bomba la juu limezinduliwa, basi lipo. La chini halijazinduliwa, basi halipo. Bomba lisilokuwepo haliwezi kuvujisha maji. Tulilitaja kwenye swali kwa ajili ya kupima uzalendo tu. Mtoto mzalendo halioni."

Kisha akatoa uamuzi. Wizara isingependa kuwaonea watoto. Ingejenga tangi lenyewe hapo hapo uwanjani Kitopeni, kama lilivyo kwenye swali, na Mheshimiwa Waziri angekuja kulizindua mbele ya wananchi. Bomba la juu lingefunguliwa asubuhi, na baada ya saa tatu Semeni angepanda ngazi, achungulie ndani, na kutangaza kwenye kipaza sauti neno moja: *Limejaa.* Akilisema, darasa zima litapewa matokeo yake. Asipolisema, matokeo ya wote yatafutwa, wasirudie mtihani maisha yao yote, na Mwalimu Tungaraza atahamishiwa shule ambayo bado haijajengwa.

"Neno moja tu," alisema Bwana Kazimoto akichukua mto wake. "Hata kasuku hulisema."

*

"Basi liseme!" Bi Mkasi aliposikia habari hizo aliacha kitumbua kikaungua. "Mwanangu, saa tatu ni nini? Inauma? Ina meno? Waambie limejaa, wakupe shule yako, uende."

"Mama, halitajaa."

"Kwani mimi nimesema litajaa? Mimi nimesema useme." Akakigeuza kile kitumbua cheusi, akakitazama, akakitupia kuku. "Mimi kila siku nakwambia umependeza na hiyo kola uliyoitafuna. Umekufa?"

Jioni darasa zima likakutana nyuma ya goli. Hashili hakuja, baba yake alikuwa mshereheshaji wa uzinduzi na alikuwa amemweka ndani ajifunze kupiga makofi. Zamoyoni akataja swali: aseme au asiseme? Miguu ikachora, na kwa mara ya kwanza darasa likagawanyika. Zamoyoni mwenyewe alisimama juu ya *Aseme*.

"Usinitazame hivyo, Semeni," alisema, na mdomo wake mrefu haukuwa na mzaha. "Nikikosa sekondari, mjomba ananichukua kuchoma mkaa. Umemwona mjomba wangu anavyokohoa? Neno moja, dada yangu. Sema neno moja, halafu tukifika huko shuleni tutalikana kila siku."

"Na akilisema leo," akajibu msichana mmoja kutoka juu ya *Asiseme*, "kesho tutaambiwa tuseme nini? Kwamba Zamoyoni mrefu?"

Hata hapo watu walicheka kidogo. Ni Semeni tu ambaye hakuwa amechora kitu. Alizunguka mchangani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akaishia kuegemea mlingoti wa goli. Mkono wake ukagusa kitu. Kilikuwa kipande cha utepe, kimepauka kwa jua, kimebaki kimefungwa pale tangu magoli yale yalipozinduliwa. Magoli yalikuwepo. Darasa lao, kuta zake na mbao zake zote, halikuwepo. Tofauti ilikuwa uzi huu alioushika kwa vidole viwili.

Akauma kola.

"Zamoyoni," akasema, "Waziri akikata utepe wa bomba la juu, vile vipande viwili huwa vinakwenda wapi?"

"Vinaanguka chini. Mbuzi wanakula."

"Unaweza kuwawahi mbuzi?"

*

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa. Tangi lilikuwa juu ya nguzo, limepakwa rangi ya bendera, na mafundi, ambao walikuwa waaminifu kupita kiasi, walikuwa wamelijenga kama lilivyo kwenye swali: bomba la juu likimwaga ndani, na bomba la chini, nene zaidi, limeachwa wazi likitazama hema la wageni wa heshima. Fundi mkuu alipoulizwa kwa nini hakuliziba, alisema alipewa amri asilione, naye hakuliona.

Mpango wa Semeni uliharibika mapema. Wanafunzi waliwekwa mbali nyuma ya kamba, na mgambo akasimama mbele ya Zamoyoni hasa, kwa kuwa alikuwa na sura ya mtu mwenye mpango. Semeni peke yake aliruhusiwa kusogea, akasimamishwa chini ya ngazi, na Bwana Kazimoto pembeni yake na mto kwapani.

Mheshimiwa Waziri aliwasili, akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi! Maadui wa maendeleo wamesema tangi halitajaa. Nawauliza, wao wamejaa? Tazama mashavu yao! Serikali yenu imeingiza maji kutoka juu, na historia inatufundisha kwamba kila kizuri hutoka juu. Mvua hutoka juu. Mishahara hutoka juu. Hata mimi nimetoka juu!"

Makofi. Waziri akainua mkasi, akakata utepe wa bomba la juu, na maji yakaanza kumwagika ndani ya tangi kwa kishindo. Vipande viwili vya utepe vikaanguka majanini, mbele kabisa ya hema, karibu na kiti cha mtoto wa mshereheshaji. Mbali, nyuma ya kamba, Zamoyoni alijaribu kupita na akarudishwa kwa fimbo.

Saa tatu zikapita kwa ngoma na soda. Wageni wa heshima walianza kuinua miguu, maana chini ya viti vyao palikuwa pamelowa, lakini kwa kuwa maji yale yalitoka mahali pasipokuwepo, hakuna aliyeyataja. Mke wa Mkuu wa Wilaya alikwama kisigino matopeni na akaendelea kutabasamu.

"Sasa," akatangaza Mwenyekiti wa Kata, "kabla ya kupanda ngazi, Wimbo wa Mlezi!"

Umati ukasimama na kufumba macho. Semeni akafumba, kisha akafumbua, jambo ambalo kwa umri wake lilikuwa kosa la kifungo. Alivitazama vile vipande vya utepe. Vilikuwa hatua chache tu, lakini mkono wa Bwana Kazimoto ulikuwa umemshika begani wakati akiimba. Akainua macho, na katika uwanja mzima wa nyuso zilizofumbwa akaona macho mengine mawili yaliyofumbuka yakimtazama. Yalikuwa ya Hashili.

Semeni alitazama utepe. Akatazama bomba la chini. Akamtazama Hashili tena, akainua kidole chake cha mguu, akakikandamiza ardhini kama mtu anayechora.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, ule unaotaja mito. Hashili aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu.

*

Semeni alipanda ngazi. Kule juu alichungulia ndani, akaona maji yakianguka kwa nguvu na kuondoka, na chini kabisa ya tangi, kwenye sehemu iliyokauka, kinyonga ametulia. Mjumbe mmoja akamnyooshea kipaza sauti kwa fimbo ndefu.

"Haya, binti," akaita Mheshimiwa Waziri, "waambie wananchi!"

Semeni alimwona mama yake kwenye umati, sinia la vitumbua kichwani, midomo yake ikitamka bila sauti: *sema, sema*. Alimwona Mwalimu Tungaraza amevaa tai yake ya pekee. Alizifikiria zile chupa zenye shingo zilizopinda. Neno lilikuwa moja tu, na hata kasuku angelisema.

"Halijajaa," alisema Semeni, na vipaza sauti vikalipeleka mpaka sokoni. "Na halitajaa."

Aliyesikia alishika mdomo. Bwana Kazimoto alikuwa ameshaanza kuandaa uso wake wa kufuta matokeo.

"Kwa sababu gani?" Waziri akanguruma.

"Bomba la chini linatoa zaidi kuliko la juu linavyoingiza."

"Hakuna bomba la chini!"

"Lipo, Mheshimiwa. Limefungwa utepe."

Waziri akageuka. Pale, kwenye mdomo wa bomba lisilokuwepo, maji yakibubujika pande zote, ulikuwa umefungwa utepe mwekundu, umeungwa katikati kwa fundo la kamba ya kiatu. Haukuwa umekatwa.

Waliokuwa karibu wanasema Mheshimiwa alijitahidi. Walimwona akikunja ngumi, walimwona akiitazama mbingu. Lakini miaka yote ya kazi ilikuwa katika vile vidole. Mkono ukashuka kiunoni wenyewe.

"Mheshimiwa, usi..." Bwana Kazimoto aliruka, mto ukamtoka kwapani.

*Ka-cha.*

Mpiga ngoma, aliyezoea kazi yake, akapiga ngoma. Umma ukapiga makofi. Wapiga picha wakapiga picha. Na bomba la chini, mbele ya mashahidi wa wilaya nzima, likawepo, na kwa mujibu wa nyongeza ya kanuni likawa lilikuwepo tangu lilipojengwa, na kwa kuwa lilijengwa kama lilivyo kwenye swali, wanasheria baadaye walikubaliana kwamba lilikuwepo hata kwenye swali. Maji yaliyokuwa yakimwagika kwa siri yakaanza kumwagika rasmi. Mke wa Mkuu wa Wilaya sasa aliweza kupiga kelele, akapiga.

*

Wakubwa wa Wizara wakanong'onezana kwa muda mrefu nyuma ya hema, kisha Bwana Kazimoto akaja mbele, suruali imelowa hadi magotini, akachukua kipaza sauti.

"Wizara, kwa busara yake, imegundua leo kwamba jibu la swali la kumi na saba ni *Halitajaa*. Nchi nzima imefaulu kwa sababu ilitii. Watoto wa Kitopeni wamesamehewa na watapewa matokeo yao. Binti huyu sasa ataishukuru Wizara kwa kuwapa jibu."

Akamkabidhi Semeni kipaza sauti. Bi Mkasi alishusha sinia lake chini, kwa ajili ya kupiga vigelegele. Zamoyoni akapunga mkono: kubali, mwenzangu, tumeshinda!

"Tumesamehewa kosa gani?" Semeni akauliza.

"Shukuru," alisema Bwana Kazimoto kupitia meno, "au nafuta sasa hivi. Kalamu ninayo."

Semeni akamrudishia kipaza sauti, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa. Kisha akatembea kuvuka uwanja, watu wakimpisha, mpaka nyuma ya goli la kaskazini. Akachora kwa kidole cha mguu *Halitajaa*, akasimama juu yake.

Zamoyoni alimtazama. Akatazama kalamu ya Bwana Kazimoto. "Mkaa una moshi tu," akasema, bila kujulikana anamwambia nani, akainama chini ya kamba. Mgambo alipogeuka, darasa zima lilikuwa linapita chini ya kamba kama mbuzi waliopata mwanya uani. Walichora, wakasimama. Mwalimu Tungaraza akavua viatu na soksi, akazikunja vizuri, akachora lake kwa mwandiko mzuri.

Ndipo Hashili alipoinuka hemani, kiatu kimoja kikimpwaya kwa kukosa kamba.

"Hashili! Kaa chini!" Mwenyekiti wa Kata alisahau kwamba alikuwa ameshika kipaza sauti, na wilaya nzima ikaambiwa ikae chini. Wengine wakakaa.

Hashili hakukaa. Alikwenda mpaka mchangani, lakini hakwenda kwa wenzake. Alikwenda kwanza karibu na mlingoti, akachora tatu, akasimama juu yake, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa.

"Nahama," akasema.

"Hoja?" akauliza Zamoyoni, na hakuwa akitania.

Hashili akavuta pumzi. Alisema kwa sauti kubwa, uso akiwa ameuelekeza kwenye hema.

"Mia tatu zinaingia. Zinazoweza kutoka ni mia nne. Kinachoingia chote kinatoka, hakuna kinachobaki, leo wala kesho, awe amezindua nani."

"Pita," alisema Zamoyoni.

Hashili akapita.

Bwana Kazimoto alikaa na kalamu yake mkononi akihesabu vichwa, akakuta kwamba akiwafuta wote itambidi aandike sababu, na sababu yenyewe ilikuwa inamwagika miguuni pake mbele ya wapiga picha. Akairudisha kalamu mfukoni. Matokeo yakatoka bila shukrani.

Tangi bado lipo. Wizara kila mwaka huripoti kwamba limejaa, na watu wa Kitopeni kila asubuhi hupanga ndoo kwenye bomba la chini, ambalo ndilo bomba la pekee katika kata lisilokatika maji. Bi Mkasi anakorogea unga wa vitumbua kwa maji hayo, na anamwambia kila mteja kwamba yeye tangu mwanzo alimwambia binti yake asiseme. Semeni yuko ng'ambo ya mto. Zile chupa ameshajua ni za nini, moja ameivunja.

Huo ndio mwisho wetu. Asiyekubali na achore lake mchangani, asimame juu yake, aseme hesabu yake kwa sauti. Sisi tumesimama hapa.